Meyer si meya: jina hili lisomwe kama lilivyoandikwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tusahihishe jambo lililojirudia katika safu yako ya historia. Safu hiyo ilieleza kwamba Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Mwaustria Ludwig Purtscheller, alitoka katika "ukoo wa mameya", na kwamba Steinmeier, jina la Rais wa Ujerumani, maana yake ni "meya wa mawe". Yote mawili si kweli. Jina hili la Meyer, ambalo pia huandikwa Meier, limeacha alama Kilimanjaro, limefika hadi Songea, na limo ndani ya majalada ya enzi ya Wajerumani yaliyohifadhiwa Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Likifasiriwa ovyo, watu wawili wasiohusiana hugeuka ndugu, na ndugu wa kweli hupotezana.

Kosa lenyewe linaeleweka limetoka wapi. Meya, meja na Meyer wamezaliwa tumbo moja. Mama yao ni neno la Kilatini maior, yaani aliye mkubwa zaidi. Kwa Wafaransa na Waingereza neno hilo likawa cheo cha mkuu wa mji na cheo cha jeshini, nasi tukalipokea kama meya na meja. Wajerumani walilipokea mapema zaidi, likiwa bado Kilatini, wakalipeleka shambani. Mkuu wa mji kwao ni Bürgermeister, na Meier hajapata kuwa mkuu wa mji kwa jina hilo.

Msomaji wa Unguja au Pemba atamwelewa Meier upesi. Katika mashamba makubwa ya karafuu palikuwa na msimamizi, chini yake nokoa, na chini ya nokoa kadamu. Meier alikuwa huyo wa juu: msimamizi wa shamba la bwana ambaye mwenyewe anaishi mbali, awe mfalme, mtawala wa jimbo, askofu au watawa. Alipanga siku za kulima na kuvuna, akawaita wakulima wanaodaiwa siku za kazi, akapokea nafaka, mayai na kuku, akazipima, akazipeleka kwa bwana. Baraza la shamba lilipokaa kusikiliza kesi ndogondogo, mara nyingi yeye ndiye aliyekaa kitini kwa niaba ya bwana.

Ipo amri ya zamani sana, ya karibu mwaka 800, enzi ya Karolo Mkuu, inayoeleza namna ya kuendesha mashamba ya mfalme. Imeandikwa kwa Kilatini na inawataja hao maiores kwa jina. Kifungu cha 26 kinasema msimamizi asipewe eneo kubwa kuliko lile analoweza kulizunguka au kulikagua kwa siku moja. Kifungu cha 60 kinakataza kuwateua wenye nguvu. Wachukuliwe watu wa kawaida walio waaminifu. Vifungu hivyo viwili vinaeleza mengi kuhusu jina tunalolizungumzia. Meier alitakiwa awe mtu anayeweza kufika kila pembe ya shamba kabla jua halijazama, na asiwe mkubwa kiasi cha kumdhulumu bwana wake. Kama kila eneo la mzunguko wa siku moja lilihitaji mtu wa namna hiyo, hesabu inajifanya yenyewe: kazi hiyo ilikuwa na watu maelfu, ndiyo maana jina limejaa kila kona.

Kuanzia karne ya 12 na 13 mpango huo ulianza kuvunjika. Mabwana waliona ni nafuu kumkodisha msimamizi shamba lenyewe kwa malipo yaliyopangwa kuliko kumwajiri na kumhesabia magunia. Meier akawa mpangaji mkubwa, mwanawe akarithi upangaji, na huo ndio wakati ambao majina ya ukoo yalikuwa yanatulia Ujerumani. Kaskazini, katika nchi ambayo leo ni Niedersachsen na Westfalen, ilikua hata sheria maalumu ya upangaji wa namna hii, Meierrecht, yaani haki ya Meier. Huko neno likaja kumaanisha mkulima mwenye shamba kamili. Kwa hiyo hata maana ya jina hutegemea mahali. Kusini jina limeshika zaidi harufu ya msimamizi. Kaskazini linamtaja zaidi mpangaji mkubwa. (Atakayekuta neno Meierei katika karatasi za kaskazini za karne ya 19 na 20 asifikirie msimamizi yeyote, kwa kuwa mara nyingi ni kiwanda cha maziwa.)

Sasa kijiji kikiwa na akina Meier watano, utawatofautisha vipi? Hapo ndipo yalipozaliwa majina ya kuunganisha, na hapo ndipo wafasiri wengi wanapoanguka. Kanuni ni moja: msingi wa jina uko nyuma, na kinachoufafanua kiko mbele, kinyume cha Kiswahili. Niemeyer ni Meier mpya, kwa lahaja ya kaskazini. Obermaier na Niedermayer ni wa juu na wa chini, yaani shamba lililo upande wa mlimani na lililo bondeni. Brinkmeyer ni wa ukingo wa mteremko, Kampmeyer wa konde lililozungushiwa ua, Kirchmair wa karibu na kanisa. Widmaier anatokana na neno la zamani la ardhi iliyowekwa wakfu kwa kanisa, basi huyo alilima shamba la padri. Habermeier amebeba neno la kusini la shayiri ya farasi, na Strohmeier amebeba neno la majani makavu ya nafaka. Steinmeier basi ni Meier ambaye shamba lake liko penye jiwe au mawe. Hakuna meya hapo.

Rais Frank-Walter Steinmeier, ambaye tarehe 1 Novemba 2023 alisimama kwenye Makumbusho ya Majimaji mjini Songea akaomba msamaha kwa yale waliyoyafanya Wajerumani, amezaliwa Detmold mwaka 1956. Detmold iko katika eneo la Lippe, jirani na Westfalen, katikati kabisa ya nchi ya majina yanayoishia na -meier. Jina na mahali vinaoana.

Katika nchi hiyohiyo ya Westfalen na Lippe palikuwa na desturi inayowachanganya wanaotafuta nasaba kuliko jambo lingine lolote. Jina lilifuata shamba kuliko damu. Mwanamume aliyemwoa binti mrithi wa shamba alihamia kwa mkewe na kuchukua jina la shamba, na watoto wote wakaitwa hivyo. Vitabu vya kanisa humwandika kwa majina mawili yaliyounganishwa na neno genannt, maana yake "anayeitwa". Tuchukue mfano wa kutunga: kijana amezaliwa Brinkmann, ameingia shamba la Steinmeier kwa ndoa, ataandikwa Brinkmann genannt Steinmeier. Mtafutaji anayefuata jina tu kurudi nyuma atamkosa baba yake, kwa sababu baba hakuwa Steinmeier hata siku moja. Kosa la pili ni kudhani akina Steinmeier wote wa parokia moja ni ukoo mmoja. Wanaweza kuwa watu watatu walioingia shamba lilelile kwa vizazi vitatu, kila mmoja kwa ndoa yake. Dawa ni kutafuta kwanza namba au jina la shamba, kisha kuwapanga watu chini yake. Karne ya 19 serikali zilikataza watu kubadili majina kiholela, na desturi hiyo ikafifia.

Tuje kwenye tahajia, maana hapa ndipo gazeti lako linapoweza kusaidia au kuharibu. Meier, Meyer, Maier na Mayer vyote hutamkwa sawasawa, kitu kama "mai-a", mkazo ukiwa mwanzoni. Mjerumani akijitambulisha kwa simu hulazimika kuongeza kwamba lake ni la e-i au la a-y. Mtu wa nje huona hilo ni kubagua herufi bila sababu. Sivyo. Tahajia inabeba ramani.

Watu wa kusini, katika lahaja za Bavaria na Swabia, walikuwa na sauti mbili ambazo maandishi ya kaskazini yalizitia katika herufi moja ya ei. Makarani wao waliendelea kuzitenganisha kwa kuandika ai au ay kwa ile sauti ya zamani, na neno meier lilikuwa na sauti hiyo ya zamani. Hata leo mkulima wa Bavaria husema Moar, na katika mchezo wao wa kutelezesha vyombo vyenye mpini kwenye barafu nahodha wa timu huitwa Moar. Herufi y nayo ilipendwa na makarani wa zamani badala ya i, mara nyingi kwa mapambo tu. Kanuni za maandishi zilizokubaliwa Berlin mwaka 1901 zilinyoosha maneno ya kawaida zikayaacha majina ya watu, kwa sababu tangu tarehe 1 Januari 1876 kila ofisi ya usajili katika dola nzima ilikuwa tayari inaandika jina herufi kwa herufi, na lilivyoandikwa ndivyo lilivyobaki. Prussia ilianza mapema kidogo, Oktoba 1874.

Kwa hiyo Meyer ni zaidi wa kaskazini, hasa Niedersachsen, na tena wapo wengi Uswisi na Alsace. Maier ni wa Baden-Württemberg na Bavaria. Mayer ni wa kusini pia, na Austria. Mayr na Mair, bila e, ni wa Bavaria ya kusini, Austria na Tirol ya Kusini iliyo ndani ya Italia. Jaribu kwa watu wanaojulikana. Lothar Meyer, mkemia aliyepanga elementi kwa mfumo wakati mmoja na Mrusi Mendeleev, alizaliwa Varel, kaskazini, mwaka 1830. Robert Mayer, aliyeeleza kwamba nishati haipotei, alizaliwa Heilbronn mwaka 1814. Ernst Mayr, mwanabiolojia wa ndege na mageuko ya viumbe, alizaliwa Kempten, kusini mwa Bavaria, mwaka 1904. Wapenzi wa soka wanamkumbuka Sepp Maier, kipa wa Ujerumani Magharibi iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1974. Huyo ni wa Metten, Bavaria. Wanne hao wana neno moja na tahajia nne, na kila moja imetua kwao. Ramani hii ina mianya, kwa kuwa watu huhama. Hans Meyer wetu alizaliwa Hildburghausen mwaka 1858, katikati ya Ujerumani, na babu yake Joseph Meyer alitoka Gotha. Ukoo huo ulikuwa wa wachapishaji. Joseph alianzisha nyumba ya uchapishaji mwaka 1826, na kamusi elezo yenye jina la Meyer ilisomwa katika nyumba nyingi za Ujerumani. Huo ndio ukoo ambao safu yako iliuita wa mameya.

Lipo pia chimbuko la pili, lisilo na shamba wala msimamizi. Meir ni jina la kwanza la Kiyahudi, la Kiebrania, maana yake anayetoa nuru. Msomaji wa pwani amwazie Munir. Maana ni ileile. Wayahudi wa nchi za Kijerumani walikuwa nalo karne nyingi. Rabi Meir wa Rothenburg alifariki mwaka 1293. Sheria zilipowalazimisha kuchukua majina ya ukoo ya kudumu, Austria mwaka 1787, Prussia mwaka 1812 na Bavaria mwaka 1813, wengi walichukua jina la baba au babu, na Meir akaandikwa Meyer au Mayer kama majirani zake. Golda Meir, Waziri Mkuu wa Israeli, alikuwa Meyerson kwa ndoa kabla ya kuchukua umbo la Kiebrania mwaka 1956. Mtunzi wa opera Giacomo Meyerbeer alizaliwa Beer, akatanguliza Meyer kwa heshima ya babu yake. Kwa kutazama jina peke yake huwezi kujua Meyer fulani ametoka upande gani. Inabidi kutazama dini iliyoandikwa kwenye cheti, majina ya kwanza ya wazazi, na mahali. Kusema "Meyer ni jina la Kiyahudi" ni kosa, na kusema "si la Kiyahudi" ni kosa vilevile.

Kuhusu wingi wake, Müller, yaani msaga nafaka, ndilo la kwanza Ujerumani, karibu mtu 1 katika kila 100. Hufuata Schmidt, mhunzi. Meyer peke yake, kwa tahajia hiyo moja, huwa katika kumi bora, jirani na Schneider, Fischer na Weber. Ukijumlisha tahajia zote za Meier linapanda hadi kwenye tatu za juu, na Schmidt akijumlishwa na akina Schmitt, Schmitz na Schmid humpita Müller. Ndiyo maana orodha mbili za "majina yanayoongoza" zinaweza kupingana na zote zikawa za kweli: moja imehesabu herufi, nyingine imehesabu neno. Jina limezagaa kiasi kwamba Wajerumani wamelifanya kiishio cha utani. Mjuaji wa kila kitu wanamwita Schlaumeier.

Atakayetumia ramani za majina zilizoko mtandaoni aangalie mambo mawili. Nyingi zimetengenezwa kutokana na vitabu vya simu za mezani, na laini moja ilikuwa ya nyumba nzima, hivyo idadi anayoiona ni ya laini, si ya vichwa. Jambo la pili linapotosha zaidi. Ramani inayoonyesha idadi kamili itakuwa na weusi Berlin, Hamburg na München kwa kila jina, kwa sababu huko ndiko waliko watu. Achague ile inayoonyesha uwiano kwa kila wakazi milioni. Hapo Mayr ataonekana amejibana kusini, na Meyer atatanda kaskazini.

Kuna wasomaji wenu wanaofuatilia Mjerumani aliyefanya kazi hapa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wengine kwa sababu ni babu wa babu yao. Kwao hatua ni hizi. Kwanza nakili jina kutoka kwenye jalada kama lilivyo, pamoja na nukta mbili zilizo juu ya y kama zipo, na usilinyooshe. Mwandiko wa mkono wa wakati ule uliitwa Kurrent, na ndani yake e ndogo hufanana na n, kwa hiyo Meyer husomeka kama rundo la vijiti. Tafuta ukurasa ambao karani aliandika kwa herufi za Kilatini. Mara nyingi majina ya watu yaliandikwa hivyo hata sentensi ikiwa ya Kurrent. Pili, tafuta mahali alipozaliwa. Bila jina la mji, Meyer ni sindano katika bahari. Tatu, pima umri wa kumbukumbu. Kwa sheria ya Ujerumani kitabu cha vizazi hufunguliwa kwa watu wote baada ya miaka 110, cha ndoa baada ya 80, cha vifo baada ya 30. Kabla ya hapo ofisi itadai uthibitisho kwamba wewe ni wa ukoo, kwa kawaida mlolongo wa vyeti vya kuzaliwa. Baada ya hapo vitabu huhamishiwa kwenye hifadhi ya mji au ya jimbo.

Kwa miaka ya kabla ya 1876 kimbilia vitabu vya kanisa. Vya Kilutheri vingi viko katika tovuti ya Archion, kwa malipo. Vya Kikatoliki vingi viko Matricula, bure. Katika vitabu vya Kilatini msimamizi wa shamba huandikwa villicus, na hapo ujihadhari: inaweza kuwa kazi yake tu, jina lake likawa lingine kabisa. Parokia nyingi hazina kitu kabla ya mwaka 1648, kwa sababu Vita vya Miaka Thelathini viliteketeza vitabu pamoja na makanisa.

Unapotafuta kwenye kompyuta, andika tahajia zote sita, au tumia utafutaji wa kisauti. Kanuni ya Köln, iliyochapishwa mwaka 1969, hugeuza jina kuwa tarakimu: M ni 6, R ni 7, irabu na y huondolewa. Hivyo Meyer, Meier, Maier, Mayer, Mayr na Mair wote huwa 67. Hasara yake ni kwamba Mohr naye ni 67, na yeye hana undugu wowote na hawa, kwa hiyo orodha utakayoipata lazima uipitie kwa macho.

Ombi letu kwa dawati lako ni dogo. Pango la Hans Meyer, lililo njiani kutoka Kibo Hut kwenda Gilman's Point, na kilele kirefu kuliko vyote cha Mawenzi, mita 5,149, chenye jina lake, viandikwe kwa e na y. Tumeona Mayer, Meier na hata Meya kwenye maelezo ya picha. Steinmeier aandikwe kwa ei mara mbili, na msomaji wa taarifa ya habari atamke "shtain-mai-a". Müller asipowezekana kwenye mashine zenu aandikwe Mueller, si Muller. Na pale makala inapohitaji maana ya Meyer kwa Kiswahili, neno msimamizi wa shamba linatosha.

Ni sisi wasomaji wenu,
Wafasiri wa nyaraka za Kijerumani,
Dar es Salaam